Majembe Hayakuwekwa Chini

Leonsia alikuwa mtu wa kanisa, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alibatizwa angali mtoto wa mgongoni. Alipokea komunyo ya kwanza enzi zile za kutembea kwa miguu siku nzima mpaka parokiani, ukilala huko wiki nyingi, ukila viazi na kukariri katekisimu hadi uiote. Akaolewa na katekista, akazaa naye watoto watano, akamzika, na Jumapili iliyofuata hakukosa misa. Benchi la pili kutoka mbele, upande wa wanawake, lilikuwa lake. Mgeni akilikalia, kuna mtu angekohoa pembeni mpaka mgeni mwenyewe aelewe.

Kijijini kwao, huko Ntobeye, Ngara, walimwita Mama Audax, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyekuwa fundi wa malori Nyakanazi. Jumuiya yao ndogo ya kanisa ilikuwa na kaya kumi na mbili zilizosali pamoja kila Alhamisi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na ilimchagua mwenyekiti mara nne mfululizo. Akisema tuimbe, wanaimba. Akisema tuchangie kuni za mgonjwa, kuni zinafika kabla hajamaliza kusema. Mamlaka ya namna hiyo ni matamu, na Leonsia aliyapenda, ingawa ungemuuliza angekuapia kwamba anahudumia tu.

Sasa kuna jambo moja la kule ambalo ni lazima ulijue. Mtu akifa kijijini, hakuna anayelima. Hata kama mvua imenyesha jana na udongo umeiva, majembe yanawekwa chini mpaka marehemu azikwe, na walio karibu na msiba wanaongeza siku hadi zifike nne. Sauti ya jembe siku ya msiba ni tusi. Anayelima anasema, bila kufungua mdomo, kwamba aliyekufa hakuwa mtu. Leonsia aliyajua hayo kabla hajajua Baba Yetu.

Mwaka tisini na nne wakimbizi wakavuka mto kutoka Rwanda, usiku na mchana, na katika wiki chache kambi ikawa kubwa kuliko mji wowote ambao Leonsia aliwahi kuuona. Watu wa Ngara waliwapokea, wasije wakasingiziwa. Walitoa maji, walitoa ndizi, walitoa nguo. Lakini mwaka ukapita, na wa pili ukaingia, na wema nao unachoka. Misitu ikaisha kwa kuni. Mikungu ikaanza kukatwa gizani. Mbuzi wakapotea. Watu waliokuwa wakisema "wale maskini" wakaanza kusema "wale watu", na baada ya hapo "wale" peke yake ikatosha.

Katika hao wale, mmoja alikuwa Nyirabahizi. Alifika kwa Leonsia siku moja ya mvua, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mimba imeshuka, siku za kujifungua zimekaribia, akaomba kibarua cha kulima alipwe kwa ndizi. Mumewe alipotelea njiani na hakutaka kuulizwa zaidi. Leonsia akamtazama mikono, akaona ni mikono ya mkulima, akamwonyesha jembe. Jioni ile akampa na kibanda kilichokuwa mwisho wa shamba, akalale humo siku za kazi badala ya kurudi kambini kila jioni. Nyirabahizi alipiga magoti matopeni kushukuru, na Leonsia akajisikia mwema sana. Ukweli ni kwamba alitaka mtu wa kulinda ndizi zake, na mlinzi wa bure hapatikani kila siku.

Mtoto akazaliwa wiki ile ile, wa kike, mdogo kama kiganja. Nyirabahizi akawa analima naye mgongoni. Alhamisi akaja naye kusali, akikaa kwenye mkeka karibu na mlango, na sauti yake ya pili ilizipanga nyimbo za jumuiya vizuri kuliko zilivyowahi kupangika. Jambo moja tu lilimkera Leonsia. Mama yule alimwita mtoto wake Mukecuru, yaani bibi kizee. "Mukecuru, nyonya. Mukecuru, lala, tunalima." Akilisema Leonsia akiwa karibu, aliinamisha macho na kutabasamu peke yake. Leonsia, aliyekuwa na miaka hamsini na minane na magoti yaliyokuwa yameanza kulia, alijua kabisa kwamba anafanyiwa dhihaka. Hakuuliza. Mwenyekiti mzima atamuulizaje kibarua kwa nini anacheka? Na mtoto, Leonsia alimwita "ako katoto" tu, mwaka mzima.

Basi mwezi wa tatu mwaka tisini na sita, mvua za maharage zikachelewa. Watu walikaa na mbegu ndani wakitazama mbingu kama mtu anayemngoja mdeni wake. Zikaja Jumatatu, zikanyesha siku mbili, na Jumatano asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimeamka na jembe begani. Asubuhi hiyo hiyo Nyirabahizi akaja mlangoni kwa Leonsia, mikono mitupu, kitenge cha mgongoni kimelegea.

"Mama, Mukecuru ameondoka," akasema. "Homa. Nilikuwa nangoja kupambazuke nije kukuomba msaada, hakungoja."

Leonsia alisema pole. Alisema mara mbili, na alikuwa anamaanisha. Lakini huku anasema, macho yake yalikuwa yameshapita begani kwa yule mama, yako shambani.

Katekista Frednand akafika muda si mrefu. Kijana mwema Frednand, mwenye baiskeli na hofu ya kukosea. Aliurithi ukatekista kutoka kwa marehemu mume wa Leonsia, na hakuwahi kufanya jambo bila kumuuliza mjane. Akamvuta pembeni.

"Mama Audax, watu wananiuliza. Tuweke majembe chini?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Neno moja lingetosha, wala si neno gumu. Leonsia alitazama udongo, mweusi, umelainika vizuri. Alifikiria mwaka uliopita alivyopanda akiwa amechelewa na akavuna makapi.

"Frednand," akasema, "kambini wanazika kila siku. Tukianza kuweka majembe chini kwa ajili yao, tutakula nini? Huyo si wa kwetu."

Frednand akakuna shingo. Akakumbuka kwamba ana kikao Ngara mjini, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Nisimseme sana, lakini kikao hicho hakuna aliyewahi kusikia kilizungumza nini.

Nyirabahizi alikuwa angali pale mlangoni. Kihangaza cha Ngara na Kinyarwanda ni lugha ndugu, na nyumba ile haikuwa kubwa. Kama alisikia, hakuonyesha. Aliomba jembe la kuchimbia. Leonsia akaingia ndani, na jembe zuri lilikuwa limeegemea ukuta, lile atakalolimia yeye. Akampa la zamani, lenye mpini unaocheza.

Waliozika walikuwa wawili tu, Nyirabahizi na mzee Bukuru, Mrundi aliyekuwa akichunga mbuzi wa watu pale kijijini tangu wimbi la zamani la wakimbizi. Walichimba mwisho wa shamba, kwenye mstari wa minyaa ya mpakani, karibu na kibanda. Leonsia alianza kulima upande wa juu. Jirani yake Generoza, ng'ambo ya bonde dogo, alisimama kwanza akiwa ameshika jembe, akamwangalia mwenyekiti. Alipoona mwenyekiti anainama, naye akainama. Wengine wakamwona Generoza. Ndani ya muda mfupi mlima mzima ulikuwa unalia majembe, ko, ko, ko, na katikati yake kuna mtu anasali rozari kwa sauti ya pili, bila mwenye kuimba ya kwanza.

Mchana Nyirabahizi akarudisha jembe. Alikuwa ameliosha. Akalipokeza kwa mikono miwili, akasema, "Murakoze, mama," asante ya kwao, akafunga kitenge chake kitupu, akashika njia ya kambini. Hakurudi tena kulima.

Maharage yalistawi mwaka ule. Hilo nalo lisemwe.

Pasaka Leonsia alikwenda kuungama. Alipiga foleni, akapiga magoti, akaungama kusengenya, kusinzia wakati wa rozari, na kumkasirikia mkwewe. Padri akampa salamu Maria tatu. Alizisali akiwa kwenye benchi la pili, haraka, na alipomaliza hakuhisi amemaliza. Mdomo ulikuwa na kitu kimebaki ndani. Akajiambia ni uchovu.

Mwezi wa nane mama yake mzazi akafariki. Evarista alikuwa amepita miaka tisini, ameona wajukuu wa wajukuu, amekufa usingizini baada ya kunywa uji. Kifo cha namna hiyo watu wanakililia huku wanasimuliana vichekesho. Majembe yakawekwa chini kijiji kizima. Siku ya kwanza, alfajiri, Leonsia alikaa mlangoni amejifunika kitenge, na akausikia ule ukimya. Hakuna jembe lililolia, juu wala chini, wala ng'ambo kwa Generoza. Ukimya mpana, wa heshima, kwa ajili ya mama yake aliyeshiba siku zake.

Na ndani ya ukimya huo akayasikia majembe ya mwezi wa tatu. Akayasikia yote, na la kwake mbele. Waombolezaji walimwona anajikunyata na kuziba masikio, wakasema maskini, anamlilia mama yake. Wakamletea maji. Aliyanywa kwa aibu. Machozi yale hayakuwa ya Evarista hata tone, na hakuwa na ujasiri wa kuwaambia.

Siku ya tatu mzee Bukuru akaja na mzigo wa kuni kichwani, akautua kwenye moto wa msiba. Siku hizo kuni zilikuwa kitu. Watu wa kambini walizitafuta kutwa nzima na kurudi na fimbo mbili.

"Zimetoka kwa Nyirabahizi," Bukuru akasema. "Anasema pole, mama. Hawaruhusiwi kutoka sasa, kama ni ruhusa angekuja kukaa nawe."

Leonsia alizitazama zile kuni. Watu wakazitazama naye, kisha wakatazama pengine, kila mtu kwa wakati wake. Generoza alijifanya anatafuta kijiko. Nani asiyekumbuka alikuwa wapi Jumatano ile? Leonsia alitamani ardhi impokee pale alipokaa, kabla mama yake hajapoa vizuri kaburini.

Ndipo akataka kufanya kile ambacho mtu wa kanisa anakijua. Msiba ulipokwisha alikwenda kwa Frednand, aliyekuwa akiandika nia za misa, akaomba misa ya kumwombea yule mtoto.

Frednand akafungua daftari, akalamba kidole. "Jina la marehemu?"

Leonsia hakuwahi kulijua.

"Andika mtoto wa Nyirabahizi."

"Mama, padri husoma jina altareni. Kina Nyirabahizi pale kambini ni wengi kama nini, na watoto waliozika ndiyo usiseme." Akasita, kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Frednand alimwambia mwenyekiti neno lisilompendeza. "Hata ng'ombe wako wana majina, Mama Audax. Kitoto kilikaa kwako mwaka mzima."

Akafunga daftari taratibu. Leonsia alirudi nyumbani akipita njia ya nyuma, asikutane na mtu.

Akamuuliza Bukuru, Bukuru alijua Mukecuru tu, na tangu siku ya zile kuni naye alikuwa hafiki tena kambini. Akajaribu kwenda kambini mara mbili, mara zote mbili akarudishwa kwenye kizuizi, maana siku hizo mambo yalikuwa yamebana. Usiku aliposali alifika kwenye kuwaombea marehemu, anawataja mume wake, mama yake, ndugu zake, halafu anafika mahali penye shimo. Unamwombeaje mtu usiyemjua jina? Mungu analijua, alijiambia. Bila shaka analijua. Ndiyo maana aliona haya mbele yake.

Mwezi wa kumi na mbili likaja tangazo kwamba wakimbizi wa Rwanda wote wanarudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Leonsia hakungoja asikie mara ya pili. Mama akivuka daraja, jina linavuka naye, basi. Akafunga viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akatembea mpaka barabara kuu, akajistiri kwa Jovina, binamu yake aliyekuwa na nyumba pale kandokando, na kuanzia kesho yake akasimama barabarani.

Wewe hujaona watu. Barabara yote, kutoka ukingo hadi ukingo, walikuwa wanatembea na magodoro, masufuria, kuku, wazee kwenye mikokoteni, na askari pembeni. Hawakuwa wanaongea. Zilisikika nyayo tu. Leonsia alisimama kwenye tuta na kuita, "Nyirabahizi! Nyirabahizi wa Ntobeye!" Wanawake watatu, wanne, waligeuka, wote si yeye. Siku ya kwanza ikaisha sauti ikiwa imekauka. Jovina akamwambia apumzike, kwani anadaiwa nini na watu hao?

Siku ya pili, jua likiwa limesogea, badala ya kuita jina aliita kile alichokijua. "Mama Mukecuru! Mama Mukecuru!"

Kichwa kimoja kikageuka. Kilikuwa na mzigo mkubwa juu yake, sufuria imefungwa pembeni, na uso umekonda mpaka Leonsia akashtuka. Nyirabahizi akajitoa kwenye mkondo wa watu, akasimama mbele yake, na mzigo wake kichwani akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Leonsia alishindwa kusema marahaba. Neno alilowajibu nusu ya tarafa kila siku ya maisha yake lilikataa kumtoka. Marahaba ni ya mtu mzima, na yeye pale hakuwa mtu mzima.

"Nimekuja kukuuliza jina la mtoto," akasema. "Nataka asomewe misa. Sikuwahi kukuuliza."

Nyirabahizi alimtazama. Watu walikuwa wanawapita, wanawagusa kwa mizigo.

"Ulikuwa hulijui?"

"Nilijua Mukecuru."

"Mukecuru ni la kukwepea jina lenyewe. Mtu huwezi kulitaja jina la mkubwa hovyo hovyo na mwenyewe yupo anasikia, unamfokea mtoto, unamwambia amejikojolea." Akatabasamu kidogo, tabasamu lile lile la kuinamisha macho. "Alibatizwa kambini. Ni Leonsia. Nilimpa la kwako, mama, wiki ile uliyonipa nyumba."

Leonsia alishika mkono wa yule mama, akaushika kwa nguvu. Akasema nisamehe. Aliposema mara moja ikawa kama mfuko uliotoboka, akasema na kusema, kuhusu jembe bovu, kuhusu kibanda, kuhusu kumwambia Frednand si wa kwetu. Hakujali nani anasikia.

"Nilisikia," Nyirabahizi akasema. "Na majembe nilisikia. La kwako nalijua sauti, mama, nimelilimia mwaka mzima." Hakusema kwa ukali. Akaurekebisha mzigo. "Kusamehe nitasamehe. Lakini si leo. Leo nimebeba vingi."

Askari akawaonyesha kwa fimbo waendelee. Leonsia akampa kile kitambaa cha viazi, Nyirabahizi akakipokea kwa mikono miwili, akaingia barabarani. Leonsia aliufuata mzigo wake kwa macho mpaka ukawa mmoja katika mizigo.

Alifika nyumbani Jumamosi jioni. Jumapili, kabla ya misa, alimpata Frednand sakristia akampa jina. Frednand aliandika herufi tatu, mkono ukasimama. Akamtazama yule mama, akaandika zilizobaki bila kuuliza. Na padri aliposoma altareni kwamba misa hii inamwombea marehemu Leonsia, vichwa vya kanisa zima viligeukia benchi la pili. Benchi lilikuwa tupu. Leonsia alikuwa nyuma kabisa, sakafuni, kwenye mkeka karibu na mlango.

Jumatatu ilikuwa siku ya palizi. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na magugu yalikuwa yamefika magotini. Kila mtu alikuwa shambani. Leonsia alichukua jembe lake zuri, akalilaza chini mbele ya mlango, akajifunika kitenge, akakaa.

Generoza alimwona kutoka ng'ambo. Akalima kidogo, akainuka, akalima tena, akashindwa kuvumilia.

"Mama Audax," akaita, "leo hulimi? Unaumwa?"

"Siumwi. Nina msiba."

"Msiba? Mbona hatujaambiwa? Nani kafa?"

"Leonsia," akajibu.

Generoza alilitambua jina. Alikuwa kanisani jana. Alisimama pale katikati ya mahindi yake, akatazama mstari wa minyaa chini ya shamba la jirani yake, akatazama anga, iliyokuwa na mvua nyingine inakuja. Halafu akainama, akaliweka jembe chini.

Mmoja upande wa juu alikuwa bado analima, hajasikia. Generoza akageuka kumwita.